Maji ya Tatu

Keti, Semboja. Kichwa nyuma, shingo kwenye khanga.
Beseni hili halina makuu: limeosha maharusi,
limeosha mtu aliyetoka lupango asubuhi ileile.
Siulizi. Naosha.

Leo umeniletea kiwanda chote cha Pongwe utosini,
saruji ya wiki tatu, kofia ngumu juu yake,
na jasho la kuikandia.
Ungechelewa mwezi mmoja ningemwita mwashi.

Maji ya kwanza siyapi sabuni.
Yapite tu kama mgeni anayebisha hodi,
yakague dredi moja moja, yatoke na yalichokikuta.
Ona: kijivu kizito, mtu angepigia lipu.
Ya bomba sitaki, bomba la uani lina chumvi yake.
Haya ni ya bati, ya vuli,
nimeyachuja kwa mtandio wa zamani.

Ya pili nayapa sabuni, kidogo,
niliyoivuruga kwanza kikombeni na ute wa mshubiri.
Ya mche haiingii humu. Ikibaki ndani ya dredi
hailali peke yake: inaita ukungu,
ukungu unaita harufu,
na harufu ina mdomo kunishinda mimi.
Sisugui. Nabinya, naachia,
kama unavyokamua tui, usitake lote kwa mkono mmoja.

Sasa hiyo rangi.
Unasema Tunu anahitimu Jumamosi, kidato cha nne,
hutaki wenzake wamuulize, yule ni babu yako?
Umekuja na kopo la unga wa buluu, dawa ya kung'arisha,
umelificha gazetini kama chupa ya gongo.
Nilimpaka mtu dawa hiyo mwaka nilioanza kazi,
nikiwa na haraka ya kuitwa fundi.
Dredi tatu zilibaki mkononi mwangu,
laini kama mkate uliolowa chai.
Hakupiga kelele.
Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo: hakupiga kelele.

Shika hii, ya nyuma ya sikio, ifuate mpaka ncha.
Huku chini ni mwaka ule Tunu alipotambaa,
akaikamata, akajivuta, akasimama.
Hapa kati Mama Tunu alikuwa akizipaka mafuta kabla ya kulala,
mafuta mengi mno, nilikuwa nikimgombeza.
Na hapa palipokonda
unajua mwenyewe ni lini.
Imekonda, haikukatika. Sipaunguzi hapo kwa mahafali ya siku moja.

Nina hina. Nimeipepeta mwenyewe,
imelala usiku kucha na chai ya rangi na tone la ndimu.
Nimeijaribu kwenye dredi moja ya kisogoni,
pale hata adui hafiki. Imekubali.
Nitaipaka, nitafunga mfuko wa nailoni, saa tatu.
Utasikiliza mpira, shingo itakuuma, utamlaumu mwamuzi.

Maji ya tatu sina haraka nayo.
Yanatoka mekundu, yanatoka ya chungwa,
Ngamiani nzima inasikia mfereji wangu.
Kisha fulana kuukuu, si taulo:
taulo huacha manyoya, na manyoya hayahami.
Kaa mlangoni juani. Usizilalie mbichi,
nje hukauka upesi, moyo wa dredi hukauka wa mwisho.

Haya, kioo. Usinune.
Nyeusi hazikushika sana, zimepata wekundu wa kujificha,
mpaka jua liziulize.
Mvi ndizo zilizoshika. Zile ulizotaka nizizike
zimewaka, moja moja,
kama shaba ndani ya waya uliochunwa.

Umenyamaza.
Nami nimenyamaza, maana nilijua tangu asubuhi
na sikukwambia.

Foronya itaingia madoa, usiiloweke na sare ya Tunu.
Jumatatu funga kitambaa cha pamba chini ya kofia.
Elfu kumi na tano.
Ukiwa na kumi, lete kumi,
na hilo kopo niachie hapo dirishani.